Je, Kumhadaa Samaki ni Uongo?



Swali nililolifanya kichwa cha maneno haya si la mzaha, ingawa huenda ukalisoma ukatabasamu. Niliulizwa na kijana niliyemsomesha mwenyewe Juzuu Amma alipokuwa angali mtoto mdogo. Nilipoulizwa nilikuwa nimekaa ndani ya mtumbwi katikati ya mto nisioujua, mkononi nimeshika fimbo ya kuvulia, na mwisho wa uzi wangu pana kipande cha bati kinachojifanya samaki. Nikamjibu upesi, kama tunavyojibu sisi waalimu tusipopenda kuonekana kuwa hatuna jibu. Lakini kabla ya jua kutua siku ile nilikuwa nimekwisha jua kwamba jibu langu lilikuwa pungufu, na kwamba jambo nililolisomesha watu kwa miaka arubaini nilikuwa sijalielewa sawasawa. Nataka nikueleze yote, wala lile la aibu sitalificha.

Mimi ni mtu wa Tanga. Bahari naijua tangu utotoni, na hadaa za wavuvi wa baharini nazijua. Wengi wetu tumewaona wazee wakifunga manyoya meupe au kitambaa kwenye ndoana, wakairambaza nyuma ya mashua, na nguru akaja mbio akidhani ni dagaa akimbiaye. Lakini mito sikuijua ila ya kuvuka. Mwezi wa Agosti mwaka 2023 nilialikwa kwenye harusi Rufiji na kijana huyo, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari huko. Tukavuka Daraja la Mkapa, tukaiacha njia kuu pale Nyamwage, tukaelekea Utete hadi kijiji chake, ukingoni mwa mto.

Rufiji, msomaji wangu, ndio mto mkubwa kuliko yote ya Tanzania. Huanza pale Kilombero na Luwegu zinapokutana, kisha Ruaha Mkuu ukaingia, maji yakapita katika korongo la Stiegler, ambako mwezi wa Disemba 2022 yalianza kukusanywa katika Bwawa la Julius Nyerere. Kutoka hapo mto hutambaa katika tambarare, ukigeuka huku na huku, na mwishowe hugawanyika matawi mengi ndani ya mikoko, mbele ya kisiwa cha Mafia. Wakati wa kiangazi maji hupungua na mafungu ya mchanga hujitokeza, nayo hayakai pahali pamoja. Fungu uliloliona mwaka jana, mwaka huu hulioni. Kwa hiyo mgeni hana ujuzi wowote pale, hata kama ni mwana wa bahari; lazima amtegemee mwenyeji.

Siku ya pili baada ya harusi yule kijana akaniambia, "Maalim, kesho nataka nikuoneshe uvuvi usiouona Tanga." Akanitolea fimbo yenye gurudumu la kukunjia uzi, na kisanduku cha vyambo vya bandia. Kilichonishangaza zaidi kilikuwa kipande cha bati kilichopindwa, mfano wa kijiko cha chai kisicho mkono, na ndoana yenye ncha tatu nyuma yake. Akanieleza kuwa huko Marekani mtu mmoja aitwaye Julio Buel aliandikishiwa haki ya uvumbuzi wa chambo cha namna hiyo mwaka 1852, na husimuliwa kwamba fikra ilimjia alipodondosha kijiko ziwani akamwona samaki akikivamia. Kweli ya kisa hicho anaijua Mungu. Lakini kijiko chenyewe nimekiona kikifanya kazi.

Samaki tuliyemkusudia ni yule mwembamba mng'avu mwenye mistari myeusi mbavuni, ambaye meno yake huonekana nje hata akifunga kinywa. Jina lake la kitaalamu limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni mbwa wa majini. Na mwaka 1986 aina moja katika hao, inayopatikana Rufiji, ilipewa jina la Tanzania. Huyu hula samaki wenzake. Mbele ya kijiko hufungwa kipande cha waya, kwa sababu uzi mtupu ataukata. Ukikitupa kijiko na kukivuta, huyumba na kumetameta, na maji hutikisika. Samaki ana mstari ubavuni ambao kwao huuhisi mtikisiko ule kabla hata ya kuona, naye hudhani kuna kiumbe dhaifu anayekimbia. Basi humrukia. Lakini kinywa chake ni mfupa mtupu, ndoana haipenyi kwa urahisi, na mara nyingi huruka juu ya maji, akatikisa kichwa, akakitema kijiko na kwenda zake.

Mwenye mtumbwi wetu alikuwa mvuvi wa kijiji kile, mtu wa makamo, mpole, asiyesema sana. Alikuwa na nyavu alizozitega jioni katika mkono mwingine wa mto. Tulipokuwa tunaondoka, mara baada ya Sala ya Alfajiri, aliniambia, "Shehe, mimi saa nne nataka nikazitoe nyavu zangu. Mchuuzi wa pikipiki mwenye sanduku la barafu huondoka kijijini saa sita." Nikamwambia, "Saa nne haitatukuta hapa, inshaallah."

Yakumbuke maneno yangu hayo, msomaji.

Basi tukaenda. Alikuwa akisukuma kwa upondo penye maji machache na kupiga kafi penye kina, na kila mara akituonesha: pale pana viboko, msiende, pale juu ya mchanga, lile gogo si gogo, ni mamba. Mtupo wangu wa nne au wa tano, kijiko kikakamatwa. Sijapata kuona nguvu kama ile katika samaki wa kiasi kile. Alipofika mtumbwini alikuwa na urefu wa mkono kutoka kiwikoni hadi vidoleni, na meno yake yalikuwa yameacha mikwaruzo juu ya bati. Tukamuua upesi, kwani ijapokuwa samaki hana haja ya kuchinjwa, Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa wema umewajibishwa katika kila jambo, hata katika kuua. Kumwacha kiumbe apapatike saa nzima juani kwa sababu tu sheria haikudai kisu, si wema.

Hapo ndipo kijana aliponiuliza. "Maalim, bahari na vilivyomo ni halali, hilo nalijua. Lakini huyu hatukumpa chakula. Tumemwahidi chakula, tukampa bati. Je, huu si uongo?" Akanikumbusha kisa ambacho nilimsimulia mimi mwenyewe madrasa, nacho husimuliwa sana na waalimu, cha mwanachuoni aliyesafiri mbali kutafuta hadithi kwa mtu mmoja, akamkuta mtu yule anamwita mnyama wake aliyekatika kamba, huku amekunja nguo kana kwamba ina shayiri, kumbe nguo ni tupu. Mwanachuoni akageuka akarudi kwao, akisema hapokei hadithi kwa mtu amdanganyaye mnyama.

Nikamjibu: "Mwanangu, uwindaji wote ni hila. Mtego ni hila, wavu ni hila, na aliyeuhalalisha uwindaji ameihalalisha na hila yake." Nikatupa tena kijiko.

Jibu hilo si kosa. Katika Suratul Maida, aya ya 96, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mawindo ya majini, na hapana mwanachuoni ninayemjua aliyesema kwamba mvuvi ni mwongo. Lakini kijana hakuuliza kuhusu halali na haramu. Aliuliza kwa nini kumwita farasi kwa nguo tupu kuwe aibu, na kumwita samaki kwa bati tupu kusiwe. Hilo sikulijibu, kwa sababu sikuwa nalo jibu, na kwa sababu akili yangu haikuwa naye tena. Ilikuwa majini.

Sasa nisikilize, msomaji, maana hapa ndipo penye aibu. Ilipofika saa nne, mwenye mtumbwi akatazama jua akasema, "Shehe, saa zimefika." Nikasema, "Mtupo mmoja wa mwisho." Wakati huo huo samaki mkubwa akakipiga kijiko, akaruka nikamwona wote, akakitema. Je, ningeondoka? Nikasema, "Tunakwenda sasa hivi, hebu nijaribu pale tu kwenye kivuli." Pale kwenye kivuli nikaguswa tena, nikakosa tena. Nikasema, "Sasa kweli ni wa mwisho." Sikuhesabu siku ile, ila nilipoyarejea mambo usiku nikaona kuwa nilimwambia mtu yule si chini ya mara tano kwamba tunaondoka sasa hivi, na hata mara moja sikukusudia. Naye kila mara alisema, "Hewala, Shehe," akashika upondo wake akangoja. Tulipogeuza mtumbwi ilikuwa inakaribia saa saba, na tangu yule samaki wa asubuhi sikuwa nimepata hata mmoja.

Tulipofika kwenye nyavu zake, mamba alikuwa amezitangulia. Upande mmoja ulikuwa umeraruliwa upana wa mlango, na samaki waliobakia walikuwa wamekufa zamani katika maji ya jua, wengine wamekwisha lainika. Mchuuzi na barafu yake alikuwa amekwenda. Samaki waliofaa wakabanikwa kwa moshi wapate kuuzwa kwa bei ya chini, wasiofaa wakatupwa. Mwenye mtumbwi hakusema neno. Alikunja nyavu zake polepole akazitia ndani ya mtumbwi, akaniuliza kama sijachoka.

Usiku ule usingizi haukuja. Nikaikumbuka Suratul Aaraf, aya ya 163, habari za wale watu wa mji uliokuwa kando ya bahari, waliokatazwa kuvua siku ya Jumamosi. Siku hiyo samaki wakiwajia waziwazi juu ya maji, na siku nyingine hawaji. Nimeisomesha aya hiyo mara nyingi, na siku zote niliwafikiria wale watu kuwa ndio wavuvi. Usiku ule nikaiona kwa sura nyingine. Katika kisa kile samaki ndio waliokuwa chambo, na waliovuliwa ni watu. Nami pia nilidhani siku nzima nimeshika fimbo, kumbe nilikuwa upande wa pili wa uzi.

Wala hakikunishika kile nilichokipata. Yule samaki mmoja wa asubuhi nilikuwa nimekwisha msahau. Kilichonishika ni kukosa kwa karibu. Samaki angenikimbia tangu mwanzo, ningerudi saa nne kama nilivyoahidi. Lakini kila baada ya muda aligusa, akaruka, akaonekana, akaenda. Na kila aliponiponyoka niliona kwamba mara ifuatayo lazima. Tuna vijana majumbani mwetu leo wanaocheza kamari katika simu zao. Ukimkemea mmoja atakwambia, "Babu, nilikosa mechi moja tu." Mimi nilikuwa nikimcheka asemaye hivyo. Siku hizi simcheki. Najua kuwa ile mechi moja aliyoikosa ndiyo kijiko chake, na kwamba aliyekitengeneza alikusudia aikose kwa karibu, si kwa mbali.

Asubuhi nilikwenda kwa mwenye mtumbwi. Nikamwomba msamaha, nikampa fedha kiasi nilichokisia kuwa ni thamani ya nyavu na hasara ya samaki. Akazirudisha. "Shehe," akasema, "hiyo ni kadari ya Mwenyezi Mungu." Nikamwambia, na wewe msomaji nakuambia, kwamba kadari ni faraja ya aliyepatwa na dhara, aliyelisababisha hana ruhusa ya kujificha nyuma yake. Yeye kusema ni kadari ni subira; mimi kusema hivyo ingekuwa ni kukimbia deni. Nikamshikilia mpaka akapokea.

Ndipo akasema neno ambalo sikulipata katika kitabu chochote nilichokisoma. Alisema kwa upole kabisa: "Shehe, hukunidhuru kwa kukaa. Ungeniambia tangu asubuhi kwamba utakaa mpaka Adhuhuri, ningemtuma mwanangu kwa mtumbwi wa jirani azitoe nyavu. Tena nilikuwa radhi. Kilichoniponza ni kwamba kila mara uliniambia tunaondoka."

Msomaji wangu, jibu la swali la yule kijana ni hilo, na limetoka kwa mtu ambaye hakuulizwa.

Tazama. Samaki wa mtoni hakunitegemea. Hapakuwa na ahadi baina yangu na yeye, wala hakunijua, wala hakupanga siku yake juu ya neno langu. Yeye alikuwa anawinda, nami nawinda. Alidhani atakula mnyonge, akawa yeye mnyonge. Hila ya namna hiyo imo katika maumbile, na Mwenyezi Mungu ameiruhusu kwa haja yetu ya chakula. Lakini yule mnyama wa katika kisa amelelewa mkononi. Anaijua sauti ya bwana wake, na amekuja mara mia kwa sababu mara mia alipata shayiri. Kumwita kwa nguo tupu ni kuitumia imani yake ili kumdhuru kwayo. Hapo ndipo uongo unapoanza: si pale jambo lisipolingana na kweli tu, bali pale mtu au kiumbe anapokuwa ameegemea neno lako, nawe ukaliondoa akaanguka.

Na ikiwa ni hivyo kwa mnyama, kwa mwanadamu ni zaidi. Mwanadamu hupanga maisha yake juu ya maneno ya wenzake. Ukimwambia fundi utamlipa Ijumaa, ameshakopa unga kwa Ijumaa yako. Ukimwambia binti wa watu utapeleka posa baada ya Mfungo Mosi, wazee wake wamekwisha wakataa wengine. Ukimwambia mwenye mtumbwi kwamba tunaondoka sasa hivi, hakumtuma mwanawe. Uongo wangu haukumnyima kweli peke yake. Ulimnyima na nafasi ya kujiokoa. Wala kusema kwamba ni uongo mdogo hakunisaidii. Imepokewa kwamba mama mmoja alimwita mwanawe akimwambia njoo nikupe kitu, na Mtume (S.A.W.) akamwuliza alikusudia kumpa nini. Akasema tende. Akaambiwa kwamba asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Fikiri: tende moja, na mtoto mdogo ambaye baada ya kitambo angesahau. Ikiwa hilo linaandikwa, je, mitupo yangu mitano ya mwisho?

Limebakia jambo moja ambalo kijana wangu aliniuliza njiani tukirudi. Alisema wako watu wavuao samaki kwa ndoana, wakamtazama, wakampima, kisha wakamrudisha majini. Wanafanya hivyo kwa furaha tu, na hudai kuwa ndio huruma, kwa sababu hawaui. Nikamwambia: Kumrudisha samaki mchanga akue, au jike lenye mayai, ni busara, na wavuvi wetu wangeifuata zaidi na kuziacha nyavu za macho madogo, bahari yetu ingekuwa na heri. Na kufurahi katika uvuvi si dhambi; mvuvi asiyefurahi ataacha kazi. Lakini kumchoma kiumbe kinywa, na kumchosha mpaka azimie, huku tangu mwanzo hukusudii kumla, mimi sikuoni kuwa ni huruma. Tumekatazwa kumfanya chenye roho kuwa shabaha ya mchezo, na tumeonywa kwamba shomoro aliyeuawa bure atashitaki Siku ya Kiyama. Kama nina haki juu ya samaki, ni haki ya mwenye njaa. Yule wetu mmoja tulimla usiku ule, na miba yake ilikuwa mingi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili 2024, mvua zilikuwa kubwa mno, na mafuriko yakaingia Rufiji na Kibiti, yakafunika mashamba na nyumba. Nilipiga simu ya mwenye mtumbwi, haikupatikana. Nikapiga siku ya pili, na ya tatu, na ya nne. Katika siku hizo nne nilikuwa na huzuni, lakini jambo moja lilinipa utulivu: kwamba sikungoja. Niliwaza ingekuwaje kama ningesema nitamwomba radhi nikija tena, au nitamtumia fedha mwezi ujao. Siku ya tano akapokea yeye mwenyewe. Shamba lilikuwa limekwenda na maji, lakini yeye na watoto wake walikuwa wazima, wamehamia palipoinuka. Alhamdulillahi.

Basi wewe unayesoma, kabla hujaligeuza karatasi hili, jiulize ni nani leo amekaa akingoja kwa sababu umemwambia "sasa hivi". Mtumie habari ya kweli. Ikiwa huji, mwambie huji, apate kumtuma mwanawe. Na uwaonapo watoto uani wakiwaita kuku kwa mkono mtupu, wape chembe chache za mtama wazitie mkononi.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli kwa wale wanaotutegemea, wakubwa na wadogo, na atusamehe yaliyopita. Amin.